Suruali za Vita vya Wenzetu

Gunia lilipofika nyumbani kwangu, mtaa wa Ramadhani, nilidhani ni mchele. Mwanangu mkubwa anaishi Makambako, anauza saruji na misumari, na nilikuwa nimemwambia aninunulie mchele wa Usangu hukohuko kabla haujapanda gari kuja Njombe, maana ukifika huku umeshachanganywa na wa kila mahali. Nikatandika mkeka uani. Nikaleta ungo. Yeye akafungua kamba, akatia mkono, akatoa suruali.

Akatoa nyingine. Akaendelea kutoa kama mtu anayemtoa kuku matumbo, mpaka mkeka wangu ukajaa suruali kumi na tisa, zote za mabaka, kijani na nyeusi na rangi ya udongo, mistari imelala kama ngozi ya mnyama ambaye sijawahi kumwona.

"Ndiyo nini hii?"

"Sare, mama. Za shughuli ya baba. Kamati imepitisha."

Siku hizi watu hawawezi kuoa, kubatiza wala kuzika bila kamati, na kamati haijawa kamati mpaka ichague sare. Mume wangu alikuwa amelala kijijini kwetu Mdandu miaka minne chini ya udongo mtupu na msalaba wa mbao, nasi tulikuwa tunajiandaa kumjengea kaburi: saruji, vigae, jina, mchungaji, chakula. Nilitegemea kitenge. Nilishajiandaa hata kuichukia rangi ya kitenge chenyewe. Suruali za jeshi sikuzitegemea.

"Baba alikwenda vitani," mwanangu akasema. "Tumeona watoto na wajukuu wote tuvae hivi, kumpa heshima."

"Wanawake pia?"

"Wote, mama. Hata wewe ipo yako. Tumekuchagulia yenye mpira kiunoni."

Nilimtazama mtoto niliyembeba mgongoni nikipalilia mahindi. Ana mvi sasa. Ana duka. Ana watu wanaomwita bosi. Na hana akili ya kujua kwamba nchi hii raia havai nguo za jeshi. Mimi niliyeishia darasa la tatu najua. Palepale Makambako, stendi, nilimwona kijana mmoja akiambiwa avue koti la mabaka, akapanda basi la Songea na fulana tupu, na upepo wa Makambako kila mtu anaujua.

"Si za jeshi letu hizi," akasema. "Ndiyo maana tukazichagua. Muulize mwalimu."

Mwalimu ni binti yake, mjukuu wangu. Anasoma ualimu, bado mwaka mmoja amalize, lakini mimi nimeshaanza kumwita mwalimu, na majirani nimewaambia wamwite hivyo, na wasiotaka hatusalimiani. Mtoto huyo anasoma kitabu kama wenzake wanavyokula karanga. Alikuwa likizo, nyumbani kwangu. Akachukua suruali moja, akasoma kitambaa kilichoshonwa kiunoni kwa ndani, kisha akasoma simu.

"Bibi, hizi ni za kuiga. Zile zenyewe zilivaliwa kwenye vita vya Vietnam. Wafaransa ndio walioanza na mabaka ya namna hii, wakaenda nayo huko kupigana. Walipoondoka, wenyeji wakatengeneza ya kwao, wakabadilisha mistari. Wamarekani walipokuja, baadhi yao wakazipenda, wakawa wanashonesha kwa mafundi wa mtaani hukohuko. Sasa viwanda vinaziiga, vinawauzia watu wanaopenda mambo ya vita."

"Wanaopenda vita wamepungukiwa nini?"

"Wanapenda nguo zake tu, bibi. Hawaendi."

Nikakaa juu ya kinu. "Kwa hiyo Mfaransa akavaa, mwenyeji akamwiga, Mmarekani akamwiga mwenyeji, kiwanda kikawaiga wote. Ninyi mnamwiga nani?"

Mwalimu akacheka. Baba yake hakucheka.

"Babu yako hakwenda Vietnam," nikamwambia. "Alikwenda Masaka, akarudi na kikohozi."

Na suruali aliyorudi nayo naijua, maana ndiyo nguo pekee aliyorudi nayo. Ilikuwa kijani tupu, nzito, haina baka hata moja. Alikuwa mgambo, na mgambo hakupewa mapambo. Nilimwambia mwanangu: hiyo suruali niliikata nikakushonea kaptura, ukaichana kwenye mpera wa jirani ukiiba mapera. Hayo ndiyo mavazi ya vita ya baba yako. Kama kamati inataka heshima ya kweli, ivae kaptura.

"Mama, mabaka ni mabaka. Watu wakiona wataelewa."

Hapo ndipo aliponiudhi hasa, kwa sababu mimi sikutaka watu waelewe. Nilitaka waambiwe. Ni vitu viwili tofauti, na ili nieleze inabidi nirudi nyuma kidogo.

Wakati wa vita vya nduli wa Uganda, wanaume wa Mdandu waliokuwa mgambo walipakiwa kwenye lori, mume wangu mmoja wao. Mimi nilikuwa na mimba ya huyuhuyu bosi wa saruji. Vita vikaisha. Malori yakawarudisha wenzake, wakashuka wanaimba, wake zao wakawatwika watoto mabegani. Wangu hakushuka. Nikauliza, amekufa? Wakasema hapana, hajafa. Yuko wapi? Hawajui. Tukalima, tukapanda, tukapalilia, mahindi yakatoa ndevu, ndipo nikamwona anakuja kwa miguu kutoka njia panda, amekonda, mikono mitupu. Nikamuuliza ulikuwa wapi. Akasema, "Nilichelewa."

Nilichelewa. Kama mtu aliyekwenda kusaga.

Dada yake, wifi yangu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema neno. Mtoro. Kwamba aliwakimbia wenzake, akajificha kwa mwanamke huko Uganda mpaka mizinga iliponyamaza, kisha akaona njaa akarudi. Alilisema kisimani, akalisema kwenye pombe ya ulanzi, alilisema hata siku ya harusi ya binti yangu akiwa ameshika sahani ya pilau yangu. Mume wangu alilisikia. Hakujibu. Mimi nilijibu kwa niaba yake miaka arobaini na kitu, bila kuwa na la kujibu, maana nikimuuliza chumbani ni lilelile: nilichelewa. Alikufa nalo. Hata kwenye matanga nilimsikia wifi anamwambia mtu, "Ndiyo hivyo, alikuwa mtu mpole, hata vita vilimshinda."

Alibaki mtu mmoja tu hai aliyekuwa naye kule. Ni mzee wa Makambako, anakaa karibu na reli. Alikuja kwetu mara mbili katika maisha yake yote, wakanywa, wakaongea habari za ng'ombe. Kwenye maziko hakuwepo, alikuwa anaumwa kwa mtoto wake Mbeya. Tulipoanza mipango ya kaburi nilipanda gari nikamfuata. Nikapiga magoti, nikamwambia: "Shemeji, nataka uje Mdandu useme alikuwa wapi miezi ile. Mbele ya watu. Wifi yangu akiwa amekaa mbele."

Akangoja treni ya mizigo ipite yote. Kisha akasema, "Alinikataza nisiseme."

"Sasa hawezi kukukataza."

"Hilo kweli, shemeji. Nitakuja."

Kwa hiyo shughuli ya watoto wangu ilikuwa kaburi, na shughuli yangu mimi ilikuwa mzee huyo afungue mdomo. Nikamweleza mwanangu haya yote pale uani, suruali zikiwa mkekani. Nikamuuliza: mtu aliyetoka vitani kweli, akute ukoo mzima umevaa kama wacheza ngoma wa sabasaba, atasema nini?

"Atafurahi, mama. Unaweza ukakuta hata analia."

Kubishana na kamati ni kama kumpigia mbuzi kengele ya kanisa. Mwalimu peke yake ndiye aliyesema, "Mimi sivai, baba. Nikikamatwa nayo chuoni watanifukuza." Baba yake akasema basi, mimi na yeye tuvae vitenge, watatupanga nyuma kwenye picha.

Siku ilipofika niligundua kwamba hata wenyewe waliogopa. Walisafiri kutoka Njombe na Makambako wamevaa nguo zao za kawaida, suruali za mabaka wamezificha kwenye mabegi kama gongo, wakabadilisha palepale Mdandu nyuma ya banda la ng'ombe. Wakatoka watu kumi na saba, wanaume kwa wanawake, matumbo yamekazwa, mifuko pembeni ya mapaja kama mashavu ya panya. Nguo walizovua wakaziweka kwenye basi dogo tulilokodi, na basi likaondoka kwenda Ilembula kuchukua kwaya. Kumbukeni hilo la basi, maana wao hawakulikumbuka.

Mchungaji alikuwa amefika. Mpiga picha alikuwa anapanda juu ya kila kitu. Wifi alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, hakuambiwa, alikaa mwenyewe.

Mzee wa Makambako akaja kwa pikipiki. Nilimwona tangu mbali, koti jeusi, tai, kofia ameishika mkononi upepo usiibebe. Pikipiki ikasimama penye miti ya uzio. Hakushuka. Akaangalia uani. Mwanangu akampungia mkono. Wajukuu wakubwa watatu, wajinga wale, wakapiga saluti.

Nikamwona anamgusa kijana wa pikipiki begani. Pikipiki ikaanza kugeuza.

Nina magoti mabaya. Kupanda ngazi za benki Njombe ni mpaka nishikwe mkono. Siku hiyo nilikimbia, na mwalimu anasema kitambaa changu cha kichwa kilianguka nikakiruka.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene."

"Unakwenda wapi?"

"Nimekosea mji."

"Hujakosea. Ni huu."

"Mji wa rafiki yangu hauna watu kama wale." Alikuwa haangalii uani, alikuwa anaangalia kioo cha pikipiki. "Sisi mgambo tulivaa kijani, shemeji. Mabaka walivaa wa upande ule. Mpaka leo nikimwona mtu wa mabaka naangalia kwanza mikono yake, imeshika nini. Siwezi kukaa pale nikasema habari za mtu. Nitasema nini? Macho yangu yatakuwa kwenye nguo."

"Ni za kuiga tu. Ni za Vietnam."

"Hata ziwe za mbinguni."

Nikamwambia anisubiri. Nikamwambia kijana wa pikipiki kwamba akiwasha nitamfuata mpaka kwa mama yake. Nikarudi uani kwa mwendo ambao mchungaji aliponiona alifunga kitabu.

"Vueni," nikasema.

Mwanangu akacheka kidogo, kama mtu anayezungumza na mteja. "Mama, tuko kwenye ratiba. Mpiga picha..."

"Vueni."

"Tuvae nini? Nguo ziko kwenye basi, na basi liko Ilembula."

"Hilo ungeliuliza kamati."

"Mama, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Miaka arobaini na kitu nameza neno la mtu mmoja, na mtu huyo yule pale amekaa kiti cha mbele. Leo mwenye kulitoa kooni kwangu amefika uzioni, na ninyi mnamfukuza kwa suruali. Vueni, ama mimi napanda naye pikipiki anisimulie Makambako peke yangu, na hapa mtabaki na picha zenu."

Mwalimu akaenda jikoni, akawaambia wanawake wafungue vitenge vya juu walivyofungia kazi. Vikatoka vitenge, vikatoka khanga, likatoka na blanketi la mtoto. Wakaenda tena nyuma ya banda la ng'ombe, hawa watu wazima wenye maduka na nyadhifa, wakarudi wamejifunga viunoni. Mwanangu alipata kitenge cha mpishi mkuu, cha njano, chenye picha za kuku, kinanuka vitunguu. Shati jeupe juu, tai, kuku chini.

Mzee akaingia. Akasalimia wote. Alipofika kwa mwanangu akamtazama toka juu mpaka chini.

"Huyu ndiye yule aliyekuwa tumboni?"

"Ndiye," nikasema.

"Amependeza," akasema, akakaa.

Ibada ikaenda. Kaburi likabarikiwa. Ikafika zamu yake, akasimama, na jamani, mtu yule alianza na safari. Alisimulia lori. Alisimulia tope la Kagera. Alisimulia ndizi walizokula, za kuchemsha, za kuchoma, na nyingine ambayo hakujua jina akamuuliza mchungaji. Wifi akaanza kusinzia. Nikaona siku yangu inaisha kwenye ndizi.

"Shemeji," nikamkatiza, na sijali walionikonyeza. "Miezi ile."

Akatafuta sehemu ya kuweka kofia, akaiweka juu ya vigae vipya.

"Vita vilipoisha waliambiwa wengine wapande magari, wengine wabaki. Sisi wawili tulibakishwa. Palikuwa na hospitali, na palikuwa na nguo. Nguo za majeruhi na za waliokufa, zetu za kijani na zao za mabaka, rundo kubwa kama lile banda. Ilitakiwa zifuliwe, zihesabiwe, zirudi stoo, maana nyingine zilikuwa na watu wa kuzivaa. Tulizifua sisi. Mimi na yeye na wengine wachache. Mtoni, tangu jua linatoka. Maji yanakuwa mekundu, unasogea juu kidogo, yanakuwa mekundu na hapo. Unatia mkono mfukoni unakuta tumbaku. Unakuta barua. Yeye barua alikuwa haachi, anazianika kwenye majani, zikikauka anampelekea mkubwa wetu. Hata za wale wa mabaka."

Hakuna aliyekuwa anasinzia tena.

"Siku tuliyoruhusiwa akaniambia, tukifika kwetu usiseme kwamba tulikuwa madobi. Mwanaume wa kwetu ana shamba, ana ng'ombe, hafui nguo za wanaume wenzake. Mke wangu atachekwa. Nikamwambia, tumeshachelewa, watakuita mtoro. Akasema, mtoro ni mwanaume bado."

Akachukua kofia yake, akakaa.

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimejiandaa kulia siku hiyo ikifika. Nilikuwa na leso mbili. Machozi hayakuja. Ilikuja hasira, nzito, ya moto, na haikuwa ya wifi. Nililiacha kundi la akina mama kanisani kwa sababu ya neno lile. Nilibadilisha kisima, nikawa natembea kilima kizima na ndoo kichwani. Nilihamia Njombe mjini, nikaacha nyumba yenye paa zuri, nikawaambia watu ni kwa sababu ya hospitali. Na yeye ananitazama tu na ndoo yangu, anasema nilichelewa. Aliona afadhali mimi niwe mke wa mtoro kuliko mke wa dobi, na hakuniuliza ni yupi ninayemtaka. Ningemwambia. Ningemwambia hata kabla hajavuka kizingiti: nataka dobi.

Mchungaji aliomba. Sikusikia alichoomba.

Chakula kilipogawiwa wifi alikuja akakaa karibu yangu, jambo ambalo hajalifanya tangu sina jino bovu. Akala kidogo.

"Kwa hiyo alikuwa anafua," akasema.

"Alikuwa anafua."

"Hakutoroka."

"Hakutoroka."

Akageuza mfupa kwenye sahani. "Mimi nisingemcheka."

Angecheka mpaka watu wa Mtwango wamsikie. Tulijua wote wawili. Nikaendelea kula, na yeye akainua macho kuangalia kaburi kwa muda mrefu kuliko anavyoangaliaga kitu chochote.

Jioni mwanangu akanijia na kitenge chake cha kuku, maana basi na kwaya vyote viliharibikia njiani. Akauliza suruali wazifanyaje. Aliyewauzia Makambako amekubali kuzirudisha, lakini hapokei zenye vumbi, na uwanja wetu wa Mdandu una vumbi la kutosha wilaya nzima.

"Utazifua," nikasema.

"Nitawaambia wasichana asubuhi."

"Nimesema utazifua wewe."

Alinitazama aone kama natania. Sijawahi kumtania mtoto huyo, na nilikuwa nimechoka.

Asubuhi akazibeba kisimani kwenye beseni mbili, suruali kumi na saba, amekunja mikono ya shati. Mimi nikakaa juu ya jiwe. Wifi akaja na kipande cha sabuni ya mche ambacho hakuna aliyemwomba, akamsimamia mwanangu. "Unaibembeleza," akamwambia. "Sugua. Na ukikamua hivyo hazitakauka mpaka Pasaka." Mwanangu akasugua. Maji yalikuwa ya baridi ya Juni, vidole vyake vimekuwa vyekundu.

Wanaume wawili wakapita na majembe. Walimwona, wakaangaliana, mmoja akacheka.

Wifi akanyoosha mgongo. "Wewe," akamwambia. "Unacheka nini?"